Rangi Isiyopakwa

Juzi nilikwenda Igoma kuulizia bei ya geti. Nilikaa kwenye kibenchi nje ya karakana, nikimngoja fundi amalize kuchomelea madirisha ya mtu mwingine, na mbele yangu palikuwa pameegeshwa pikipiki ya abiria. Macho yangu yakatua kwenye bomba lake la moshi. Pale bomba linapotokea kwenye injini chuma kilikuwa kijivu, halafu ukafuata ukanda mwembamba wa bluu, kisha zambarau, kisha kahawia kama asali ya nyuki wadogo, na mwisho rangi ya majani makavu iliyofifia taratibu mpaka ikapotelea kwenye chuma cha kawaida. Nikainama kutazama. Kijana mwenye pikipiki akaona aibu, akasema, "Limeungua hilo, mama. Wiki hii nalipaka silva."

"Usilipake," nikamwambia.

Akacheka kwa adabu, kama mtu anavyomcheka mama mtu mzima aliyekaa sana juani. Sikumweleza kitu. Nikueleze wewe basi, mwenzangu, maana wewe una nafasi, na mimi jambo hili nimekaa nalo siku nyingi.

Tulikuwa tunaishi Nyakato, kwenye nyumba za wafanyakazi wa kiwanda, zile za vyumba viwili viwili zilizopangwa mstari kama vipande vya sabuni ya mche. Baba alikuwa fundi wa karakana ya kiwanda. Kila kilichovunjika mle ndani, kuanzia mhimili wa mashine hadi mguu wa kiti cha bwana mkubwa, kilipelekwa kwake akiunge. Mama alikuwa muuguzi. Wote wawili walikuja Mwanza kwa meli kutoka Kagera kabla sijazaliwa, na walipotaka nisielewe waliongea Kihaya cha haraka haraka. Nilikuwa mtoto wao pekee. Baba aliniita "mama" kwa sababu nilirithi jina la mama yake.

Nikiwa darasa la nne ikaja barua ya uhamisho. Mama alitakiwa kuripoti hospitali ya Sengerema, ng'ambo ya ghuba. Siku hizo ndivyo ilivyokuwa, taifa linajengwa, mtumishi anakwenda anakotumwa. Baba akataka mama aache kazi. Mama akasema, "Kazi ya serikali haiachwi kama sufuria jikoni." Baba akasema naye hawezi kuhama kiwanda. Wakazungumza kwa Kihaya siku tatu, sauti zao zikizidi kushuka badala ya kupanda, na siku ya nne mama akafunga sanduku. Mwanzoni alikuja kila mwisho wa mwezi. Halafu ikawa mara moja kwa miezi miwili, halafu zikawa zinakuja salamu tu na furushi la ndizi au samaki wa kukaushwa kwa mkono wa mtu anayevuka. Hakuna aliyeniambia kwamba wameachana. Nadhani hata wao hawakuambiana.

Sijui kama umewahi kuishi kwenye nyumba yenye mtu mzima asiyesema. Nilitoka shule saa nane, nikachukua ufunguo chini ya tofali, nikafungua mlango, na ndani palinukia kama tulivyopaacha asubuhi: mafuta ya taa na ukoko wa ugali. Nilichota maji kwenye bomba la pamoja, nikachambua dagaa, nikasugua masufuria kwa majivu. Jirani yetu, mama mmoja wa Kisukuma, alikuwa ananipa michembe, vile viazi vitamu vya kukaushwa, niitafune nikifanya kazi, na mpaka leo nikitafuna michembe nasikia ule upepo wa alasiri unaotoka ziwani ukipiga mabati. Nilizoea kupakua sahani tatu. Nikishagundua, narudisha ya tatu sufuriani kabla baba hajaingia, nasafisha sahani, naifunika. King'ora cha kiwanda kikilia saa tisa na nusu nilihesabu hatua zake tangu kona ya bomba. "Shikamoo baba." "Marahaba mama." Basi. Maneno ya siku yalikuwa yameisha.

Lakini baba alikuwa na kazi ya pili, na hiyo ndiyo ninayotaka kukusimulia.

Kama uliishi miaka ile unakumbuka foleni. Foleni ya sukari, foleni ya sabuni, foleni ya unga wa njano. Rangi ya mafuta ndiyo kabisa, ilitoweka madukani kama haijawahi kuwepo. Watu walitengenezewa milango na vitanda vya chuma, na kabla mvua za vuli hazijaisha unyevu wa ziwa ulikuwa umeshavivika kutu. Baba yeye hakuhitaji kopo. Alikipa chuma rangi kwa moto, kwa mafuta, na kwa nta. Huko uani alikuwa na jiko la mkaa lenye mvukuto wa ngozi, karai kubwa la mchanga, koleo mbili na debe la mafuta ya pamba, yale mazito ambayo hayajasafishwa, ambayo Mwanza hayakukosekana hata mwaka wa shida. Akitaka rangi nyeusi, alikipasha chuma joto mpaka kikawa chekundu, akangoja wekundu utoke, akakisugua kwa tambara la mafuta hayo. Moshi ulipanda wenye harufu ya maandazi yaliyosahauliwa, na chuma kikawa cheusi kama chungu cha bibi, cheusi cha kumeza mwanga. Akitaka hudhurungi, alikipaka maji ya chumvi kishike kutu kwa siku kadhaa, akakichemsha, akakipiga brashi, akarudia tena na tena mpaka ile kutu yenyewe ikashikana ikawa kama ngozi ya ng'ombe. "Adui mfanye mlinzi," alikuwa anasema, na hayo yalikuwa maneno mengi kwa baba.

Ila rangi zake kubwa zilikuwa zile za moto mtupu. Kwanza chuma kilisuguliwa. Msasa haukuwepo, kwa hiyo nilisugua mimi, kwa mchanga wa ziwani na kipande cha gunia, halafu kwa majivu yaliyochekechwa, mpaka nikajiona pua. Kisha kikaoshwa kwa maji ya majivu na kuanikwa, na kuanzia hapo ole wako ukiguse kwa mkono. Mafuta ya kidole hayaonekani kwenye chuma baridi, lakini kikipata moto doa linajitokeza, na haliondoki ila kwa kusugua upya. Baba alikilaza kwenye mchanga wa moto karaini, joto likapanda polepole. Hapo sasa ndipo mtu alipotakiwa kutazama. Ilianza rangi ya majani makavu, kwa aibu, huna hakika kama umeiona. Ikaiva ikawa dhahabu, ikawa kahawia. Halafu ghafla ikaingia zambarau kama inayotoka chini ya chuma, na nyuma yake bluu. Bluu ile sijaiona tena mahali pengine. Haikai. Ukihesabu mpaka nane imepauka, ukihesabu mpaka kumi na tano ni kijivu, na kijivu hakirudi nyuma. Inabidi ukitoe wakati bluu inafika, si ikishafika, ukiache kipoe kidogo, ukipake nta ya nyuki kikiwa bado na joto.

Siku moja nilikuwa nimekaa juu ya jiwe nikichambua mchele. Baba alikuwa anatengeneza miguu ya meza ya redio, ya mwalimu wetu mkuu. Akatoa mguu wa kwanza, akauinua kwenye mwanga, akasema kwa kuridhika, "Hii sasa ni bluu."

Ilikuwa kijivu. Nikafikiri ananitania, ingawa baba hakuwa mtu wa utani. "Baba," nikasema, "mbona imeshapita?"

Akanitazama. Akautazama mguu. Akauweka chini, akachukua kipande kingine cha majaribio. "Hii?"

"Zambarau."

"Na hii?"

"Kahawia. Hapa mwisho ni dhahabu."

Mvukuto ukaishiwa pumzi miguuni pake. Kisha akasema, "Nilidhani ni moshi. Mwezi wa tatu huu nadhani ni moshi." Akaja kuchuchumaa mbele yangu, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Akaniambia kwamba miaka ya kuchomelea imemla macho, kwamba vitu anaviona lakini kama kupitia chandarua, na rangi zinazokaribiana zimeshakuwa rangi moja. Wakijua kiwandani, watamtoa karakana wamweke getini awe mlinzi. "Haya yabaki hapa uani, mama. Unasikia?"

Nikasema nasikia.

Kuanzia siku ile nikawa macho ya baba. Saa kumi, mwanga ukiwa bado mzuri, nilisimama upande ule usio na kivuli, yeye ameshika koleo, na mimi nakodolea macho chuma bila kupepesa. "Majani," nasema. "Dhahabu. Kahawia. Zambarau inaingia." Halafu, "Sasa!" Na mkono wake ulikuwa unakwenda pamoja na neno langu, haungoji, hausiti. Watu wazima wangapi waliwahi kukuamini hivyo ukiwa na miaka kumi na moja? Mwalimu mkuu alipofuata meza yake akasema hata Nairobi hajaona kitu kama kile. Baba akasema asante. Mimi nilikuwa nyuma ya mlango nimejishika mdomo kwa furaha. Ile saa ya alasiri ndiyo saa ambayo sikuwa peke yangu. Hatukuwa tunazungumza hata hapo, ila kimya kile kilikuwa na watu wawili ndani yake.

Likizo ya mwezi wa sita ilipokaribia, baba akasema, "Utakwenda kumwona mama yako. Utampelekea kitu." Akaleta kioo chenye ufa pembeni, kilichotoka kwenye kabati lililovunjika, akakikata ule ufa ukaondoka. Kwa wiki mbili akakitengenezea fremu ya chuma. Kuizunguka akaweka majani ya mgomba, marefu, yaliyopasuliwa na upepo kama yanavyokuwa kweli shambani kwetu Kagera, kila mshipa umechorwa kwa patasi. Jani moja alitaka liwe dhahabu, moja kahawia, moja zambarau, na la juu kabisa bluu.

Lile la bluu nililiharibu. Lilikuwa tayari limeoshwa, linang'aa kama maji, nikalishika kwa mkono mtupu kwa sababu lilikuwa zuri. Moto ulipolipata, dole gumba langu likajitokeza katikati ya bluu, wazi hadi vile vistari vyake. Mimi nikaanza kulia. Baba hakuliona mpaka nilipomwambia. Akapitisha kidole chake pale, kama kwamba angeweza kulisikia, akasema tu, "Sugua upya." Nikasugua siku mbili mpaka ngozi ikachubuka. Tulipolirudia niliita "Sasa!" kwa sauti iliyomfanya jirani achungulie ukutani, na bluu ikakaa.

Siku ya safari baba aliamka mapema akanyoa ndevu. Alivaa shati jeupe la kanisani na akapiga viatu rangi, na mimi nikafurahi moyoni, nikajua anakwenda na mimi. Jirani yetu naye alikuwa anavuka kwenda kwa dada yake. Tukapanda basi wote watatu mpaka Kigongo. Upepo ulikuwa mkali, maji yana rangi ya chuma. Kivuko kikafika, mlango wake ukalala kwenye zege kwa kishindo, watu wakaanza kuingia. Baba akamkabidhi jirani tikiti mbili. Akanipa fremu iliyozungushiwa gunia na kufungwa kamba ya katani.

"Baba, wewe?"

"Nina kazi."

Jirani akamtazama kutoka shati mpaka viatu. "Baba yake, si uvuke tu? Umeshafika hapa."

Baba akacheka kidogo, kicheko cha mtu aliyekanyagwa. Akainama kwangu. "Mwambie haikupakwa. Imetoka humo humo." Kisha akarudi nyuma hatua mbili, kama anavyorudi mbele ya moto. Kivuko kilipoondoka nilimwona amesimama, doa moja jeupe kwenye ukingo, mpaka nikashindwa kumtofautisha na ndege weupe, nyangenyange, waliokuwa pale.

Mama alinipokea akiwa na sare yake ya kazi, ananukia dawa ya hospitali. Alinikumbatia mpaka kofia yake ikaanguka. Chumba chake kilikuwa na kitanda kimoja, kiti kimoja, sahani moja kabatini. Ilibidi aazime ya pili. Nilimpa gunia kabla sijanywa hata maji. Akafungua zile kamba moja moja, akaiweka fremu mapajani, akapitisha kidole juu ya majani, dhahabu, kahawia, zambarau, akafika juu akasimama.

"Amepata wapi rangi, jamani, mwaka huu?"

"Amesema nikwambie haikupakwa. Imetoka humo humo."

Mama akaitundika karibu na dirisha, akakaa mbele yake. Nilidhani anajitazama, lakini nilipojongea nikaona macho yake yako kwenye majani. Baadaye akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya, "Alikufikisha mpaka wapi?"

"Mpaka Kigongo."

"Kigongo," akasema. Akaingia jikoni kumenya ndizi.

Nilikaa siku kumi. Tulipika ndizi na maharage, tulichana nywele, tulicheka. Nilikuwa nimesahau kwamba mama anaimba akifua. Siku mbili kabla ya kurudi akaniketisha kitandani akasema ameshaongea na mwalimu wa shule ya pale, nafasi ipo darasa la tano, godoro atapata. "Hutakaa tena ndani peke yako ukingoja king'ora. Baba yako nitamwandikia. Unataka?"

Nilitaka. Nikuambie ukweli, nilitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote. Nikafungua mdomo niseme ndiyo, na kilichotoka kilikuwa, "Nani atamwambia sasa?"

"Sasa nini?"

Akanishika kidevu. "Sasa nini, mwanangu?"

Na mimi nikasema yote. Chandarua, moshi, mguu wa meza ya mwalimu, geti la kiwanda. Nilisema huku nalia, na kila neno nililijua ni la uani, halikutakiwa kuvuka maji. Mama alisikiliza kama muuguzi anavyosikiliza, bila kunikatiza. Nilipomaliza akaniuliza kama mboni ya baba ina weupe kwa ndani. Nikasema sijui, labda kidogo. Akakaa. Mwishowe akasema, "Basi rudi." Hakukasirika. Alinifungia ndizi, na barua kwenye bahasha ya kaki.

Nilimkuta baba uani. "Shikamoo baba." "Marahaba mama. Umerudi." Nikaona kifua chake kikishuka, kama mtu aliyetua mzigo, na nikafurahi kwamba nimechagua vizuri. Nikampa barua. Akaigeuza geuza, akanirudishia. "Nisomee. Mwanga mbaya." Ilikuwa saa kumi, jua bado linawaka.

Barua ilianza kwa salamu na shukrani ya kioo. Halafu nikaona mstari unaofuata kabla sijausoma. Ningeweza kuuruka. Baba asingejua, mimi ndiye niliyekuwa macho yake. Lakini nilikuwa sijawahi kumdanganya kwenye moto, na sikujua namna ya kuanza. Nikasoma: "Mtoto ameniambia habari ya macho yako. Inaweza kuwa mtoto wa jicho, na ugonjwa huo hutibika. Njoo Sengerema upimwe. Usimtume mtu, njoo wewe."

Nikasimama hapo.

"Endelea," akasema.

"Imeisha."

Akachukua barua, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Chakula kipo ndani," akasema.

Kesho yake saa kumi nilikwenda kusimama upande wangu. Baba akasema, bila ukali wowote, "Kasome, mama. Una mtihani." Nikasema sina mtihani. Akasema, "Utakuwepo." Na keshokutwa vivyo hivyo. Nikaanza kumtazama kupitia dirisha la jikoni. Alikuwa anakiinua chuma karibu na uso mpaka nikaogopa nyusi zake zitaungua, anakirudisha, anakitoa kimeshapita. Alikuwa anatoa kijivu tu. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Bluu ilikuwa inaingia, safi kabisa, nikapiga kelele kupitia nondo za dirisha, "Baba, sasa!"

Mkono wake ulishtuka, niliuona. Ukaenda nusu njia. Kisha ukatulia, na koleo likabaki pale pale juu ya karai, akangoja, akangoja mpaka bluu ikapauka, ikafa, ndipo akatoa. Hakugeuka kutazama dirishani. Mimi nilirudi kwenye dagaa zangu.

Hakwenda Sengerema. Jirani aliwahi kuniambia, "Mwanamume haogopi ugonjwa, anaogopa kuonwa anaumwa." Miaka ikapita hivyo. Kiwandani walimgundua baadaye, wakamweka getini, kama alivyosema. Halafu makopo ya rangi yakarudi madukani, na watu waliokuwa wakimsifu wakaanza kuuliza kwa nini chuma chake kinaonekana kama kimeungua. Akanunua brashi. Akawa anapaka rangi ya kijani na ya maziwa, kijani na maziwa, kama mafundi wote wa Nyakato, na hilo hata asiyeona sana analiweza. Mimi nikafaulu kwenda shule ya bweni Tabora, na nilipofungasha nilijikuta sina cha kuaga pale uani, kwa kuwa nilikuwa nimeshapaaga zamani.

Mama alihamishwa tena, na tena, akastaafu Kagera. Baba nilimchukua kwangu nilipoanza kazi. Nilimpeleka hospitali nikiwa mtu mzima akatolewa mtoto wa jicho. Jicho moja likapona, la pili lilikuwa limechelewa. Nilikuwa naenda kwa huyu na kurudi kwa yule nikibeba salamu, na mkungu wa ndizi, na majani ya chai, na hakuna aliyewahi kutaja jina la mwenzake mbele yangu. Walisema "huko". Huko hajambo? Huko mvua imenyesha?

Mwaka wa mwisho wa uhai wa mama, tulikuwa tumekaa barazani tunatoa mabawa ya senene. Kioo kilikuwa ndani, nilikiona kupitia mlango, majani yake yamefifia kwa unyevu, lile la juu limeshaanza kutu kwenye ncha. Mama akasema bila kuinua uso, "Siku ile uliposema Kigongo, nilikuwa nimeshamwangalia mtu wa kushika zamu yangu. Kama angesimama pale mlangoni na wewe, ningefunga sanduku jioni ile ile. Kazi ingejua yenyewe." Akaokota senene mwingine. "Nikamwandikia aje, bado. Nilingoja mpaka uhamisho wa pili."

Niliporudi Mwanza nilikaa na maneno hayo mwezi mzima. Baba alikuwa ameshazeeka, anaota jua uani kwangu na jicho lake moja. Nikaona, nimeshawahi kupeleka maneno yasiyotakiwa kuvuka. Haya je, niyazuie? Nikamwambia, kama yalivyo, sikupunguza.

Akakisogeza kiti chake juani zaidi. Halafu akasema, "Kivuko kilikuwa kimejaa, mama."

Nikasema, "Ndiyo, baba." Mimi nilikuwemo kwenye kile kivuko. Lilikuwepo lori moja la pamba na wanawake sita wenye matenga, na benchi niliyokalia na jirani ilikuwa na nafasi mpaka mwisho.

Wote wawili wamelala Kagera sasa, makaburi yao hayako mbali. Nyumba za Nyakato zimebomolewa, pale uani pamejengwa ghala la mtu wa vinywaji, na mafundi wenyewe wanapuliza rangi kwa mashine, inakauka kabla hujamaliza soda. Mafuta mazito ya pamba siyaoni tena sokoni. Kivuko nacho hakina kazi. Wamejenga daraja, refu, zuri, watu wanapiga picha. Mwezi uliopita nilipanda basi linalopita juu yake. Nilitaka tu kuvuka. Nilitazama maji upande mmoja, nikageuka niangalie upande wa pili, na tayari tulikuwa tumefika ng'ambo. Kondakta akauliza mama unashukia wapi, nikasema Sengerema, nikashuka stendi nikiwa na mkoba wangu mkononi. Nikasimama pale kidogo. Sikuwa na mtu wa kumwona. Nikauliza gari la kurudi Mwanza linaondoka saa ngapi, wakasema lipo, linaondoka sasa hivi, nikapanda.